Tuoge kwanza ndio tuingie bwawani, na wenye hoteli watuwekee maji ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenzangu wa Mbeya, na wa Iringa na Njombe pia maana najua mambo ni yaleyale, kuhusu haya mabwawa ya kuogelea ya hotelini na kwenye rizoti ambayo siku hizi wikiendi na sikukuu yanajaa familia mpaka hamna pa kupita. Kujaa sio tatizo, mimi nafurahi sana kuona watoto wa huku kwetu milimani wanajifunza kuogelea kama wenzao wa Kyela na Matema waliokulia ziwani. Tatizo ni vile tunavyoingia kwenye maji ya watu wote bila kumfikiria mwenzako aliye humo ndani.

Nianze na kubwa kuliko yote. Watu hatuogi kabla ya kuingia, na tukishaingia tunakojoa humohumo. Naandika wazi kwa sababu tukizungukazunguka hapa hatutafika. Simama pembeni ya bwawa lolote Jumapili mchana uangalie, mtu anashuka kwenye bodaboda ametoka kwenye vumbi, amejipaka mafuta ya mgando toka usoni mpaka miguuni sababu ya baridi, anavua shati anaingia moja kwa moja kwenye maji. Shawa iko pale hatua chache tu, kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa OGA KABLA YA KUINGIA, na hakuna anayekiangalia. Afu baadae kidogo mtoto anamwambia mama yake nataka kukojoa, mama anamwambia kojoa hapohapo. Nimesikia kwa masikio yangu, na sio kwa mama mmoja, na akina baba nao wanasema hivyohivyo.

Sasa mimi siamini kwamba watu wa huku ni wachafu, hata kidogo. Naamini ni baridi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni mpaka Agosti asubuhi mtu ukiongea unatoa moshi mdomoni, na shawa za nje za hoteli nyingi zinatoa maji ya bomba yaleyale ya baridi. Mwambie mtu asimame chini ya maji hayo akiwa bado mkavu, upepo wa milima unampiga, atakukatalia, bora aruke bwawani mara moja ajue amemaliza. Na baridi hiyohiyo ndio inaleta mkojo. Ukiingia kwenye maji ya baridi mishipa ya damu ya kwenye ngozi inajibana, damu nyingi inarudi katikati ya mwili, figo zinaona kama maji yamezidi zinaanza kuyatoa. Ni kawaida ya mwili, sio ugonjwa. Kwa hiyo mtu aliyejisaidia kabla hajatoka nyumbani anashikwa tena baada ya muda mfupi tu, choo kiko kule nyuma ya jiko, atoke na maji yanamchuruzika aanze kutetemeka mbele za watu, basi anamalizia alipo. Ndio maana nasema lawama sio ya muogeleaji peke yake, mwenye hoteli naye anahusika, na nitalirudia hilo.

Kingine ni mazoea ya mtoni. Wengi wetu tulioga mtoni tukiwa wadogo na mtoni maji yanakuja na kuondoka, ulichoacha kinaenda zake. Bwawani maji ni yaleyale. Pampu inayavuta, yanapita kwenye chujio la mchanga, yanarudi. Chujio linakamata nywele, majani na uchafu unaoonekana, mkojo haliukamati kwa sababu umeshayeyuka kwenye maji, unapungua tu pale wanapomwaga maji kiasi na kuongeza mapya. Na huku kwetu ambako kuna mitaa bado inasubiri maji ya bomba kwa zamu, hakuna mwenye hoteli atakayebadilisha maji ya bwawa kila wiki. Kwa hiyo kilichoingia jana ndio unachooga leo, wewe na mwanao.

Halafu watu wanasema si wameweka dawa. Ni kweli wanaweka klorini, lakini naomba tuelewane vizuri hapa maana wengi hili hawalijui. Ile harufu kali inayokupiga puani na kukufanya macho mekundu, ukaambiwa leo wamezidisha dawa, mara nyingi sio dawa imezidi. Ni klorini iliyokutana na mkojo na jasho na mafuta ya mwilini ikageuka kuwa kitu kingine kinaitwa kloramini, na hiyo ndio inayonuka na kuwasha. Bwawa safi lenye klorini inayotosha halinuki hivyo. Na klorini iliyokwisha kazi kwa mkojo wetu haina nguvu tena ya kuua vijidudu vya kuharisha. Hata ikiwa ya kutosha kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiumu kinaweza kuishi kwenye maji yenye dawa kwa zaidi ya siku 7, kinatoka kwa mtu anayeharisha, mwenzake akimeza funda moja la maji naye anaanza. Kwa hiyo mtoto aliyeharisha wiki hii abaki nyumbani, hata kama mlimuahidi, hata kama ni Pasaka. Na mtoto wa pampasi asikae nayo humo masaa, pampasi haizuii kinyesi cha majimaji kutoka, inakichelewesha tu.

Kuna kijana mmoja anayehudumia bwawa, hoteli siitaji, huwa nikiwahi asubuhi namkuta anapima maji. Ana kiboksi kidogo cha plastiki kina vijichumba viwili, anachota maji kwa kukizamisha mpaka kwenye kiwiko, anadondosha matone ya dawa mbili tofauti kila upande, anafunika anatikisa. Upande mmoja unageuka njano, ukikolea ndio klorini ipo, upande wa pili unakuwa na rangi nyekundu fulani ya kuonyesha kama maji yamekaa sawa au yana ukali. Anainua juu anaangalia kwenye mwanga, analinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Asubuhi moja baada ya sikukuu alinionyesha ile njano haikuonekana kabisa, maji yalikuwa meupe kama ya kunywa na usiku aliweka dawa. Akafungua kikapu cha kuchujia pale ukingoni akatoa bonge la nywele za rasta, plasta ya kidonda, na kizibo cha soda, vyote vimeshikana na mafuta. Akasema kaka mimi hapa nikiwazuia watu wanalalamika kwa bosi, nikiwaacha naonekana sifanyi kazi.

Na anavyosema ni kweli kabisa, nimeshuhudia. Alikuja mzee mmoja mtu mzima wa heshima zake, kijana akamsogelea vizuri tu, shikamoo mzee, naomba upite kwanza kwenye shawa. Mzee akamjibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, kijana nimelipa hela yangu hapa, usinipangie. Yule kijana akarudi nyuma akanyamaza. Iliniuma. Hela uliyolipa mlangoni imekupa nafasi ya kuingia, maji ni ya wote waliolipa, na wengine wamelipa kwa kujinyima ili watoto wafurahi siku moja tu kwenye mwezi. Tunapokula kwenye sinia moja kila mtu ananawa kwanza, hata mgeni rasmi ananawa, na hakuna anayesema ananyanyaswa. Hapa ni hivyohivyo. Na sisi tuliokaa pembeni tukaangalia kijana wa watu anaaibishwa tungetakiwa kusema neno, mzee hasemwi na kijana lakini mzee mwenzake anaweza kumwambia taratibu bwana, hebu tupite wote shawa ndio utaratibu wa hapa.

Chupa nazo. Jamani bia za chupa na glasi zisifike ukingoni mwa bwawa. Kioo kikivunjikia kwenye maji hakionekani, huwezi kukipapasa kwa mkono na wavu haukikamati chote, usalama ni kumwaga maji yote. Fanya hesabu ya bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, hizo ni lita 300,000, yaani ndoo 15,000 za lita ishirini. Ndoo hizo zinamwagwa kwa sababu ya chupa moja wakati kuna watu wanapanga foleni ya ndoo bombani! Kama mtu lazima anywe basi kwenye kikombe cha plastiki na akae kwenye kiti mbali, na akishalewa asirudi kwenye maji.

Lingine linalonikera ni simu. Vijana wanakuja wanarekodi video bwawa zima halafu wanarusha, nyuma yao kuna dada wa watu yuko na nguo ya kuogelea, kuna watoto. Nimeona mama mmoja amekaa na taulo shingoni muda wote hataki kuingia kwa sababu kuna simu tatu zimeelekezwa kule alipo. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, si unamuuliza tu mtu, dada naomba nipige picha huku, unaweza kusogea kidogo? Wanawake wengi wangejifunza kuogelea kama wangeachwa waingie kwa amani bila kupigwa miluzi na kurekodiwa.

Na kusukumana upande wa kina kirefu kuachwe kabisa. Huku kwetu wengi hatujui kuogelea, mtu anasimama ukingoni anajipa moyo, rafiki anakuja nyuma anamsukuma, watu wanacheka. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anashuka kimyakimya, na bwawa likiwa na mipira na maboya na watu wanaojirusha kila kona, yule anayelinda haoni chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021 na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano, Umoja wa Mataifa ukaweka hata siku yake, tarehe 25 Julai. Mzazi akae pale mtoto alipo kwa umbali wa mkono, sio yuko mezani na kuku wa kuchoma anaangalia simu, kazi ya kumlinda mtoto kamuachia mhudumu ambaye ndiye huyohuyo anayeleta taulo na kupokea oda za chipsi.

Sasa narudi kwa wenye hoteli maana nilisema nitarudi. Tunawaomba mtuwekee shawa ya maji ya moto pale pale kwenye njia ya kuingilia bwawani, iwe mtu hawezi kufika majini bila kupita hapo. Najua umeme ni gharama, lakini kipindi cha baridi yetu ndio hichohicho cha kiangazi, mvua hamna, jua la mchana Mbeya na Iringa linawaka kuanzia Juni mpaka Agosti, na hoteli nyingi zimeshaweka sola za maji juu ya paa kwa ajili ya vyumba vya wageni, kuvuta bomba moja mpaka kwenye shawa ya bwawani sio kazi ya kuwashinda. Dakika moja tu chini ya maji inatosha kutoa sehemu kubwa ya vumbi, jasho na mafuta. Choo nacho kisogezwe karibu, na pawe na mahali pa kujikinga na upepo mtu akitoka. Nina uhakika watu wataoga, kwa sababu hakuna mtu wa huku anayekataa maji ya moto.

Na yule kijana wa bwawa mpeni mamlaka. Aambiwe na bosi mbele ya wateja kwamba asiyepita shawa haingii, awe nani. Vipimo vya asubuhi na vya mchana viandikwe ubaoni pale getini kila mtu aone, klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH, yaani kile kipimo cha ukali wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, sisi wateja tutajifunza kusoma, na maafisa afya wa halmashauri wakija kukagua jikoni basi wapite na bwawani waulize huo ubao uko wapi. Kama kuna hoteli hapa Nyanda za Juu Kusini imeshaweka maji ya moto bwawani itangaze kwenye gazeti hili, mimi na familia yangu tutakuja, na majirani nitawaambia.

Mzazi na msomaji wako,
Forest, Mbeya