Shangazi, ule haukuwa usiku

Shikamoo shangazi.

Nimeisikiliza ile sauti uliyoituma kwenye kundi la familia. Nimeisikiliza mara tatu: kwanza peke yangu jikoni, kisha na mke wangu, halafu mke wangu akaomba irudiwe kwa ajili ya pale unapovuta pumzi kabla ya kusema "saa nne ya usiku." Kwa kuwa umenishtaki mbele ya watu, na mimi naomba nijitetee mbele ya watu.

Kwa wasiojua kesi: nilituma picha ya wajukuu zako wawili wamekaa kwenye ukingo wa chemchemi, pale kwenye mnara wa maji hapa Mannheim, miguu mitupu, kila mmoja na koni yake, wa kiume aiskrimu imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Picha ikaingia kwenye simu yako saa nne na dakika kumi. Ukauliza mtoto wa miaka mitatu anatafuta nini barabarani saa hizo, nani kampa barafu usiku, na kama Ujerumani hakuna vichomi.

Toa saa moja kwanza. Majira haya tunapishana saa moja tu, kwa hiyo huku ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Najua hiyo hainiokoi. Lakini iangalie tena ile picha, shangazi. Waache watoto, angalia ukuta ulio nyuma yao. Una rangi ya chungwa. Lile ni jua. Mwezi wa sita hapa linazama saa tatu na nusu na ushee, na likishazama mwanga bado unabaki. Mpaka saa nne unatafuta kiatu cha mtoto kwenye nyasi bila tochi. Alfajiri, saa kumi na moja na dakika ishirini, limeshachomoza tena kama mtu aliyesahau funguo.

Wewe ulitulea kwamba magharibi ikiingia mtoto awe ndani na ameshaoga. Tulitii, kwa sababu magharibi ya huko haina ujanja, mwaka mzima inazunguka palepale kwenye saa kumi na mbili na kitu. Mwaka wetu wa kwanza nilijaribu kuileta sheria hiyo huku. Desemba jua linazama hata saa kumi na nusu haijafika, ikawa mtoto anatoka chekechea moja kwa moja anaingia bafuni. Juni ikawa kinyume chake: kwa sheria yako tungeoga karibu na saa nne. Nikaona magharibi ya Ujerumani si ya kuifuata, nikahamia kwenye saa ya ukutani.

Na kuwalaza ni kazi nyingine. Ile khanga uliyonifunga shingoni siku naondoka, ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone", usikasirike, iko dirishani. Chumba cha watoto tulikipata na pazia jembamba, nikaona niongezee. Nikakunja khanga mara mbili, nikaibana kwa vibanio vya nguo. Jua likapita katikati kama halijaona kitu. Mimi nimelala sakafuni kati ya vitanda viwili, najifanya nimesinzia ili na wao wasinzie, nasoma maneno yako yakimulika ukutani. Binti akafungua jicho moja: "Baba, mbona ndege hawajalala?" Sikuwa na jibu. Walikuwa wanaimba kweli.

Sasa barafu.

Mji huu una historia yake na aiskrimu, shangazi, na si ndogo. Mwaka 1969, hapahapa Mannheim, kijana wa familia ya Kiitaliano aitwaye Dario Fontanella aliipitisha aiskrimu ya vanila kwenye kile chombo cha kukamulia tambi nene za Kijerumani, ikatoka nyuzinyuzi. Chini akaweka krimu iliyopigwa, juu mchuzi wa stroberi mahali pa nyanya, halafu chokoleti nyeupe iliyokunwa mahali pa jibini. Akaiita Spaghettieis. Leo iko kwenye maduka ya aiskrimu nchi nzima, na watu wengi hawajui kwamba ilitoka hapa.

Binti alipotimiza miaka mitano nilimwagizia hiyo bila kumwambia. Sahani ilipotua akaikazia macho, mdomo wa chini ukaanza kucheza. "Nilisema aiskrimu." Nikamwambia ndiyo hiyo. "Hii ni tambi." Akaangua kilio cha msiba, meza ya jirani wakageuka, mimi nachota kwa kijiko nikimsihi aonje tu kidogo, kama ulivyokuwa unatusihi na klorokwini. Alipoonja akanyamaza, akavuta sahani upande wake, akaizungushia mkono wa kushoto kama boma. Sikupewa hata mchuzi. Inasemekana hata Fontanella mwenyewe watoto wa mwanzo walimlilia hivyohivyo.

Mdogo hana mambo hayo, yeye ni wa koni. Tonge la aiskrimu huku linaitwa Kugel, na neno hilohilo ndilo la risasi. Kwa hiyo mjukuu wako anasimama mbele ya kioo, kidevu hakifiki, anaagiza risasi moja ya stroberi kwa sauti ya kamanda.

Si kila siku, kama ulivyodai. Tonge moja siku hizi linakaribia euro 2. Tukienda wote wanne hiyo ni karibu euro 8 zinayeyuka kabla hatujafika kituo cha tramu. Siku yetu ni Jumapili, kwa sababu Jumapili maduka ya nchi hii yamefungwa kwa sheria, hununui hata msumari, lakini kwa aiskrimu kuko wazi na foleni imefika nje. Ikifika baridi, maduka mengi ya aiskrimu yanafungwa kabisa mpaka karibu na Machi. Hapo ndipo ninapokukumbusha kitu. Msimu wa maembe hukuwahi kutuhesabia. Tulikula asubuhi, tukala juu ya mti, tukarudi mashati yamegeuka rangi, na ulichosema ni "wacha wale, yakiisha yameisha." Jua la huku ndiyo maembe yetu, shangazi.

Vichomi vinaletwa na vijidudu. Daktari wa watoto ameniambia, na najua daktari huyo utasema ni mtoto mdogo.

Ulichokiogopa zaidi naona ni ile picha nyingine, ya bwawa. Hapo sikucheki, maana najua kwa nini unaogopa maji, na najua ni nani hakurudi kutoka mtoni. Kwa hiyo nikuambie tunavyofanya. Mto Rhine unapita hapa na hatuwatii humo hata kifundo cha mguu. Mkondo wake unabeba mtu mzima, na meli za mizigo zikipita maji yanavutwa kwanza halafu yanarudi kwa nguvu. Tunakwenda bwawa la wazi la manispaa, lenye waokoaji wa zamu. Mdogo anabaki kwenye kidimbwi kinachomfika magotini, na mmoja wetu yuko hatua moja tu, simu iko kwenye begi. Huko utaona watoto wadogo wengine uchi kabisa na wazazi wao hawana habari. Wa kwako amevaa, tena fulana ya mikono mirefu ya kuzuia jua. Na mafuta ya jua tunawapaka, ngozi nyeusi nayo inaungua, ila mafuta mengi yanayouzwa hayakututegemea sisi: unampaka mtoto, anatoka anafanana na aliyetoka kuchimbua majivu. Kuna siku bibi mmoja wa Kijerumani aliniuliza kwa huruma kama binti ana tetekuwanga.

Watu wa huku nao maji yamewafundisha kwa uchungu. Mwaka 1912 gati la Binz, kule kaskazini kwenye bahari ya Baltiki, lilivunjika likiwa limejaa watu wa likizo, wakatumbukia baharini, na kuna waliozama, kwa sababu wengi hawakujua kuogelea. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha uokoaji majini, DLRG, ambacho mpaka leo kinafundisha watoto. Mtihani wa kwanza wa mtoto una beji yenye picha ya farasi wa baharini. Anaruka kutoka ukingoni, anaogelea mita 25, halafu anazamisha kichwa na kuokota kitu sakafuni, maji yakiwa yanamfika mabegani. Na wenyewe chama wanasisitiza: beji hiyo ni mwanzo tu, usimwite mtoto mwogeleaji mpaka apate ya shaba.

Binti aliipata mwezi uliopita. Mita kumi za mwisho alikuwa anaogelea kama mbwa aliyeudhiwa, maji yanaingia puani, mimi natembea naye ukingoni nimeinama, na mgongo ulinigomea siku mbili. Alipoibuka na ile pete ya mpira mkononi hakunitazama mimi, alimtazama mwalimu. Beji imeshonwa kwenye nguo ya kuogelea, upande wa kiuno. Analala nayo.

Stroberi nazo zina mashamba yake. Mwisho wa Mei hadi Julai unakwenda mwenyewe na bakuli, linapimwa tupu, unachuma, linapimwa tena, unalipa tofauti. Unaruhusiwa kuonja shambani. Kwa mdogo hilo neno "kuonja" halina mpaka. Alikaa chini katikati ya mistari miwili, kwenye majani makavu, hakuinuka tena. Alikuwa anachuma kwa mkono wa kulia na kula kwa wa kushoto, kwa mwendo uleule, hana haraka. Mama wa mizani alimwangalia alivyokuwa, nyekundu kuanzia pua mpaka magoti, akasema wakati mwingine tumpime na mtoto kabla hajaingia. Bakuli letu lilikuwa na gramu 900. Tulikaa saa mbili.

Tukitoka kwenye nyasi tunawakagua kupe: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele. Unawajua kupe kwa ng'ombe. Hawa wa huku wanabeba homa ya ubongo, na mkoa huu umo kwenye maeneo ya hatari. Chanjo ipo, wamepata wote.

Tuliwahi pia kuwapeleka kwenye zile mbuga kubwa za mabembea, nisikufiche. Tuliweka akiba tangu Pasaka. Tumefika, mdogo ni mfupi kwa karibu kila kitu, binti akaogopa kile alichokililia wiki nzima, saa nane mvua ikashuka. Walipoulizwa jioni kipi kilikuwa kizuri, wote wawili wakataja tramu. Tangu hapo tunakwenda Luisenpark, hapahapa mjini, tunapanda vile viboti vinavyovutwa na kebo chini ya maji, pole pole, huna usukani wala haraka, korongo wanapita karibu na wewe kama maofisa wa kodi. Mdogo huwa analala humo. Mimi pia.

Juzi, baada ya sauti yako, nilimweleza binti kwamba bibi anadhani tunawakesha nje usiku. Akauliza kwani kwa bibi jua linakwenda saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili na kidogo. Hata likizo? Hata likizo. Akafikiri, akaweka kijiko chini. "Maskini bibi," akasema, "hana majira ya joto." Anataka kukutumia beji yake ukae nayo mpaka uje. Nimemwambia asubiri, maana itabidi akulete bwawani uifanyie mtihani.

Viza ikitoka, njoo Juni, usije Novemba hata wakikukatia tiketi bure. Khanga usilete, zinapitisha jua. Lete vitenge viwili, vile vizito, rangi ya giza.