Udongo upimwe kabla ya mbolea kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenye bustani za mboga na nyasi za uani juu ya jambo ambalo makala za bustani hulitaja kwa sentensi moja, kisha zikakimbilia aina za mbolea. Jambo hilo ni kupima udongo.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimwaga mbolea ya 17-17-17, yaani yenye virutubisho vya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila nyasi zangu zilipogeuka manjano, nikiamini zina njaa. Nilipopeleka sampuli maabara, majibu yalionyesha kuwa fosforasi ilikuwa imezidi mno na kwamba pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi huwa imezidi, ilikuwa 5.1. Udongo ukiwa na asidi kiasi hicho, alumini iliyomo huyeyuka na kudhuru mizizi, na mizizi iliyodhurika haiwezi kutumia chakula hata kikiwa tele. Kibaya zaidi, mbolea za naitrojeni zenye amonia huongeza asidi hiyo, kwa hiyo kila nilipodhani ninatibu nilikuwa ninazidisha ugonjwa. Fosforasi iliyobaki juu nayo huchukuliwa na maji ya mvua pamoja na udongo hadi mitoni na maziwani, ambako hustawisha mwani unaomaliza hewa ya samaki. Hilo linaniuma kuliko fedha nilizopoteza.

Mboga nyingi na nyasi nyingi za uani hupenda pH ya kati ya 6.0 na 7.0. Tarakimu hizi zisidharauliwe kwa kuonekana ndogo, maana kila hatua moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya ule wa pH 6. Dawa yake ya kawaida ni chokaa ya kilimo, lakini kiasi chake hakikisiwi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata pH zao zikilingana, na ndiyo maana kijiti cha kupimia pH cha kuchomeka ardhini hakitoshi kuchukua nafasi ya maabara. Chokaa hufanya kazi polepole, kwa miezi, hivyo anayesubiri hadi wiki ya kupanda ndipo apime amechelewa.

Hata hivyo, maabara hupima kile ilichopelekewa tu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Konzi moja ya udongo iliyochotwa pembeni mwa ukuta haielezi habari za bustani nzima. Inaeleza habari za saruji iliyomomonyoka hapo. Tembea eneo lote kwa mtindo wa kupindapinda, uchote sehemu 10 hadi 15, ukiondoa kwanza majani na takataka za juu, na ukikwepa mahali palipochomwa moto, palipolundikwa samadi au palipomwagwa mbolea karibuni. Kwa bustani ya mboga chimba sentimita 15 hadi 20. Kwa nyasi zilizokwisha kushika ardhi, sentimita 7 hadi 10 zinatosha. Changanya yote katika ndoo safi ya plastiki, wala si ya bati, kwani zinki ya bati huingia katika sampuli na kupotosha majibu. Uanike kivulini ukauke, usiukaushe motoni, kisha upeleke takriban nusu kilo. Nyasi na mboga zisichanganywe katika sampuli moja, na kama kuna sehemu ambayo mimea hudumaa huku jirani yake ikistawi, ipewe sampuli yake.

Msomaji asishangae asipoona naitrojeni katika majibu, kwa kuwa hubadilika haraka kwa mvua na joto, na maabara nyingi hushauri kiasi chake kwa kuangalia aina ya mmea.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila makala ya mbolea itakayochapishwa ianze na maelekezo ya kuchukua sampuli, tena ichapishwe miezi michache kabla ya msimu wa kupanda, ili msomaji apate muda wa kupokea majibu na kuweka chokaa, iwapo itahitajika, kabla mbegu hazijaingia ardhini.

Wako,
Msomaji na mtunza bustani