Darubini ya maili mbili haichaguliwi kwa ukuzaji

Ndugu Mhariri,

Mchezo wa kulenga shabaha kwa masafa marefu mno unapotajwa kwenye kurasa za michezo, darubini ya bunduki husifiwa kwa jambo moja tu: inakuza mara ngapi. Tunaandika kukipinga kipimo hicho. Anayenunua kwa kuangalia ukuzaji peke yake hutoa fedha nyingi, kisha hufika uwanjani akakuta nobu ya kupandisha imegonga mwisho na risasi bado inatua njiani. Kinachofikisha risasi ni nafasi ya kupanda iliyomo ndani ya darubini, pamoja na mwinamo wa kishikio kinachoibeba.

Chukueni mfano wa Raton, New Mexico, kwenye uwanja wa Whittington Center yalikofanyika mashindano ya King of 2 Miles. Maili mbili ni mita 3,219. Uwanja huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na hewa yake nyepesi huipunguzia risasi mzigo. Hata hivyo risasi ya graini 350 ya bunduki ya .375 CheyTac hushuka zaidi ya mili 50 kabla ya kufika maili mbili. Mili moja ni mita moja kwa kila mita 1,000. Kwenye maili mbili ni mita 3.2. Maana yake mtutu lazima uelekezwe mita 160 na ushee juu ya sahani ya chuma iliyo shabaha, ilhali jicho linaitazama sahani yenyewe. Pembe yote hiyo lazima ipatikane kati ya jicho na mtutu.

Ndani ya darubini kuna bomba dogo lenye lenzi, linaloinamishwa na nobu mbili: ya juu kwa kupanda na kushuka, ya pembeni kwa upepo. Darubini ya Nightforce ATACR ya 5-25x56 (ukuzaji wa mara 5 hadi 25, lenzi ya mbele ya milimita 56), yenye bomba la nje la milimita 34, ina nafasi ya dakika 120 za pembe (dakika 60 ni digrii moja), yaani mili 35. Mnunuzi huiona namba hiyo akadhani yote ni ya kupanda. Sivyo. Ukiifunga kwenye reli iliyonyooka, yaani ukanda wa chuma ulio juu ya bunduki, ukaisawazisha risasi itue msalaba unapoelekea kwa mita 100, karibu nusu, mili 17.5, inabaki upande wa kushuka bila kazi.

Reli iliyoinama ndiyo huikomboa nusu hiyo. Upande wake wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele, na huuzwa kwa mwinamo wa dakika 20, 40 au 60, sawa na mili 5.8, 11.6 na 17.5. Kwa darubini ya mili 35, reli ya 60 inaingia kwa kubana, bila akiba: karibu mili zote zinakuwa za kupanda. Lakini ifunge reli hiyohiyo chini ya darubini yenye mili 26 uone. Nusu yake ni 13, kwa hiyo hata ukiishusha nobu mpaka mwisho, bunduki itapiga mili 4.5 juu, yaani sentimita 45 kwenye karatasi ya mita 100. Fanya hesabu kabla ya kulipa: gawa nafasi nzima kwa mbili, toa mwinamo, na ubakize angalau mili moja, maana matundu ya skrubu kwenye mwili wa bunduki mara nyingi hayakutobolewa sawasawa.

Hata hapo tuna mili 35, na Raton inataka zaidi ya 50. Mistari ya chini ya msalaba kwenye kioo huongeza mili 10 hivi, ukiushusha ukuzaji kiasi cha kuiona. Kinachobaki hutolewa na kishikio chenye mwinamo unaorekebishika, kama ERA-TAC ya Ujerumani, au na kifaa cha prizima cha TACOMHQ kinachokaa mbele ya darubini na kuipindisha picha. Kishikio cha kurekebisha hukuachia kusawazisha karibu kisha ukapanda, ila kila kiungo kinachosogea ni mahali pa kulegea. Ukikirudisha chini, piga tena mita 100 uthibitishe kimerudi palepale.

Hapa hutokea tatizo ambalo wengi hawaligundui mpaka wawe wamelala nyuma ya bunduki. Mili 50 kwenye urefu wa sentimita 80, kutoka lenzi hadi mdomo wa mtutu, ni sentimita 4. Darubini iliyofungwa chini itautazama mtutu wake yenyewe, na breki ya mdomoni, kifaa cha kupunguza teke la bunduki, itafunika sehemu ya picha. Nunua kishikio kirefu, na kitako chenye pedi ya shavu inayopanda, la sivyo utakuwa unaning'iniza kichwa. Tena bomba la ndani likifika ukingoni mwa bomba la nje, ambalo ni duara, halina pa kwenda kushoto wala kulia. Upepo utaufidia kwa kulenga kwa mistari ya msalaba, siyo kwa nobu.

Sasa ufungaji, ambako darubini ya bei kubwa huharibiwa kwa dakika tano. Reli ifungwe kwa skrubu za saizi ya 8-40, siyo 6-48 nyembamba, na iwe na nundu ya kuzuia mshtuko. Weka gundi ya epoksi chini yake ijaze penye mwanya, maana reli iliyopinda huipindisha darubini iliyo juu yake. Futa mafuta kwenye matundu na nyuzi za skrubu. Mafuta hufanya bisibisi ya kupimia isome nguvu ndogo kuliko inayokaza kweli. Sukuma kishikio mbele kiguse ukingo wa reli ndipo ukaze nati, kama nyutoni-mita 7. Vifuniko vya pete zinazolishika bomba, nyutoni-mita 1.7 hadi 2 tu, kwa zamu na kwa mkato wa msalaba. Ukizidisha, pete hulibana bomba na la ndani huganda: unazungusha mili moja, halisogei, unapiga risasi mbili, ndipo linaruka. Mtu hulaumu risasi wakati kosa liko kwenye skrubu.

Msalaba usimame wima pamoja na bunduki. Digrii moja tu ya kulala, kwenye mili 50, huipeleka risasi pembeni mili 0.87, mita 2.8 kwenye maili mbili. Pima maji iliyofungwa kwenye darubini si pambo.

Kisha kagua kama nobu inasema kweli. Ning'iniza timazi mbele ya ubao mrefu, chora mstari wima wa mita 2, uweke mita 100 kamili kwa tepu. Funga bunduki isitikisike, zungusha mili 20 bila kupiga risasi: msalaba lazima utembee sentimita 200 juu ya mstari bila kuuacha. Ukitembea 198, una kosa la asilimia moja. Kwa mili 50 ni nusu mili, mita 1.6. Kosa la namna hiyo huingizwa kwenye kikokotoo na maisha yanaendelea. Darubini inayotembea 198 leo na 201 kesho irudishwe dukani.

Na ukuzaji? Jua likipanda, mazigazi huichemsha picha, na mwenye darubini ya kukuza mara 35 huishia kushusha hadi 18 au 20 ili aione sahani.

Wenu,
Walenga shabaha wa masafa marefu,
Marekani