Kauli moja iliyoandikwa na karani

Mhariri,

Kampuni kubwa ikianguka, lawama zote humwendea mtendaji mkuu. Mimi nilikaa miaka 11 kwenye pembe ya meza ya bodi nikiandika kumbukumbu za mikutano, na naomba niseme machache kuhusu meza yenyewe.

Kabrasha la kikao lilikuwa likiwafikia wajumbe usiku wa kuamkia mkutano, kurasa zaidi ya 200. Asubuhi namwona mjumbe anachana bahasha mbele yangu na huku mwenyekiti ameshaanza kusoma ajenda. Mkopo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiandika haukuwamo hata kwenye ajenda. Uliletwa chini ya “Mengineyo”, yapata saa saba, harufu ya pilau ishaingia chumbani. Mwenyekiti akauliza, “Tuko pamoja?” Kimya. Nikaambiwa niandike kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Nikaandika, na kosa hilo sikatai.

Ripoti za mwaka hutuonyesha nani alihudhuria vikao vingapi. Nani aliuliza nini, hatuambiwi.

Ndiyo maana nikikumbuka kisa cha Uchumi, ile kampuni ya Kenya ya maduka makubwa, nawaza kile chumba cha mikutano. Maduka yalifungwa 2006, yakafufuliwa kwa msaada wa serikali, kampuni ikarudi soko la hisa 2011. Mwaka 2014 wenye hisa wakaombwa pesa zaidi, wakatoa. Juni 2015 bodi ikamwachisha kazi mtendaji mkuu, na Oktoba matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Sasa, kwenda kufanya biashara nchi jirani si uamuzi wa meneja wa duka. Mambo kama hayo hupita mezani.

Kwa mashirika ya serikali ya Kenya, Mwongozo wa 2015, yaani kanuni za uongozi wa mashirika hayo, unataka bodi iwe na wajumbe 7 hadi 9, angalau theluthi yao wakiwa huru. Sawa, lakini huyo mjumbe huru aliyeletewa kabrasha saa nne usiku atahoji nini?

Kumbukumbu zitaje siku kabrasha lilipofika. Jambo la pesa lisipite tena chini ya Mengineyo. Na mwenyekiti awaulize wajumbe mmoja mmoja kwa jina, aanze na aliyeingia juzi, yeye mwenyekiti aseme mwisho. Hilo nililiona mara moja tu, siku mwenyekiti aliposafiri na mama mmoja akamshikia kiti. Kikao kilikwenda hadi magharibi, pilau ikapoa, na ununuzi wa kiwanja ukakataliwa.

Karani mstaafu,
Mombasa