Siku nne? Tuanze na Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Kuna wanaotaka shule za serikali zifundishe siku nne tu kwa wiki, kama zinavyofanya baadhi ya wilaya za elimu huko Marekani, hasa Colorado na Missouri. Kule siku zinazobaki hurefushwa, na mabasi ya shule yapo. Mtoto wa Kibosho anayetembea kwa miguu, tukimrefushia siku, atapanda mlima gizani.

Na hiyo Ijumaa atashinda na nani? Mama yuko Kiboriloni kwenye mitumba tangu alfajiri, baba yuko kijiweni na bodaboda yake. Makande ya shuleni, ambayo wazazi tunayachangia (na kuyanung'unikia kila muhula), kwa baadhi ya watoto ndiyo chakula pekee cha uhakika mchana.

Kama nia ni kuwapumzisha watoto na walimu, basi tuiguse Jumamosi. Madarasa ya mitihani, kuanzia la nne na la saba hadi kidato cha nne, mara nyingi siku hiyo yako kwenye masomo ya ziada. Kamati za shule zianze na hilo.

Mzazi,
Majengo, Moshi