Mwanangu, usiswali kwa ajili yangu

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimeanza hivyo kwa sababu sijui kuanza barua vingine, na amani nitakuombea siku zote. Usidhani nakutega.

Ningeweza kukutumia ujumbe WhatsApp, lakini ujumbe utausoma umesimama ndani ya mwendokasi, watu wanachungulia begani kwako. Haya nataka uyasome umekaa.

Uliniambia baada ya Idd, tukiwa uani tunaosha vyombo, kwamba huamini tena. Ila mimi nilikuwa nimeshajua tangu Ramadhani. Unaikumbuka ile siku uliyokuja kufuturu moja kwa moja kutoka kazini Posta? Kuliadhiniwa magharibi, tukafungua kwa tende na uji, tukatandika mikeka, ukaja ukasimama kulia kwangu. Niliporukuu nikaiona miguu yako. Mikavu. Vumbi la kituoni lilikuwa bado limeganda kwenye vidole, na alama ya mkanda wa kiatu inaonekana kabisa. Hukutia udhu. Ukarukuu nami, ukasujudu nami, na ulipotoa salamu ya kushoto macho yetu yakakutana, ukanitabasamia. Sikumbuki siku ile nilisoma sura gani. Usiku niliirudia swala peke yangu, nikalia mpaka daku.

Basi, neno langu kubwa ni hilo. Usiswali kwa ajili yangu. Unaposimama kwenye mkeka wangu kunifurahisha, unaniibia mtoto wangu unaniachia mgeni mwenye sura yake. Hakuna kulazimishana katika dini. Aya hiyo ya Sura Baqara uliihifadhi wewe kabla yangu, ukiwa na miaka tisa, ukawa unanirekebisha matamshi.

Nikifika hapo nakumbuka chuoni, ulikosoma Kurani. Ustadhi alikuchapa viganja ukarudi huwezi kushika kijiko. Nilikukanda kwa maji ya moto na chumvi, na kesho yake nikakurudisha mwenyewe, nimekushika mkono uleule. Umeniambia siyo hiyo sababu, kwamba umesoma, umefikiri miaka, na imani haikukaa. Nakuamini. Lakini kwa fimbo zile naomba unisamehe, ziwe sababu zisiwe sababu. Nilitakiwa kwenda kugombana na yule mtu, sikwenda.

Mjomba wako alitaka usomewe kisomo, anasema umeingiwa na jini. Nimemkatalia. Shangazi yako anasema umefuata mwanamume wa Kikristo, naye nimemwambia anyamaze. Unajua, kuhama dini ni jambo ambalo watu wa mtaani kwetu wanalielewa. Mama yako mdogo alibatizwa alipoolewa Morogoro; tulinuna mwaka mzima, Krismasi ya pili tukawa jikoni kwake tunapika pilau. Jirani yetu wa nyuma aliletwa kwenye Uislamu na ndoa, leo ndiye anayetuamsha kula daku. Mtu akitoka msikitini akaingia kanisani, au kinyume chake, ana jina la kuitwa, ana wa kumpokea, ana wa kumzika. Wewe unasema hukwenda popote. Hilo ndilo watu hawana pa kuliweka, na kwa kweli hata mimi bado natafuta pa kuliweka.

Uliniambia, "Mama, Dar kubwa, hakuna anayeniuliza." Kweli. Huko Sinza ulikopanga, mwenye nyumba anauliza kodi tu. Katiba yenyewe, ibara ya 19, inampa mtu uhuru wa dini pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Hata karani wa sensa alipokuja hapa 2022 aliuliza vyumba, akauliza maji, akauliza choo, dini hakuuliza. Mara ya mwisho kuiuliza ilikuwa sensa ya 1967. Nyerere alisema serikali haina dini, nasi tumeishi hivyo, kwenye nyumba moja chumba hiki wanafunga Ramadhani, chumba cha pili wanafunga Kwaresima. Nashukuru Mungu kwa hilo, maana nchi nyingine mtoto wangu angekimbia. Lakini serikali kutokuuliza ni jambo moja, ukoo ni jambo jingine. Ukoo utauliza tu, na siku utakayoulizwa sitaki uwe peke yako. Niambie mapema, nije nikae pembeni yako.

La mali nalo nilimalize. Kwa sheria yetu asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Nimeona watu wanavyolitumia: msiba haujapoa, ndugu wako Mahakama ya Mwanzo wanasimuliana nani alikuwa haswali, kumbe wanataka vyumba. Nyumba hii niliijenga kwa kuuza mitandio Kariakoo, mgongo wangu unaujua. Wasia unaruhusiwa kwa asiye mrithi, mradi usivuke theluthi. Nimepiga hesabu, nimeandika, mashahidi wawili wametia saini: fremu ya mbele ni yako. Karatasi iko sandukuni, chini ya kanga. Kaka yako nimemwambia mwenyewe, ili asije kusema hakujua.

Bibi yako usimwambie. Ana miaka themanini na ushee, ukimwambia atazikwa nalo kifuani. Kwake utajifunga kanga, akikuombea utaitikia amin. Najua hapo najipinga mwenyewe, nimekukataza kujifanya kwangu halafu nakuomba ujifanye kwake. Sina jibu. Mimi naweza kulibeba, yeye hawezi.

Nami kuna kitu usinikataze. Nabii Nuhu alimwita mwanawe mawimbi yakiwa yameshapanda, "Ewe mwanangu, panda pamoja nasi." Zamani nilikuwa nikiisoma Sura Hud namwona mtoto mkaidi. Siku hizi namwona mzee wa watu amesimama kwenye jahazi, sauti imemkauka. Mimi nitakuita kila usiku nikiamka kuswali, mpaka nife. Sitakupigia simu kukuhubiria, sitakutumia zile video za mawaidha anazonitumia shangazi yako. Nitakuita kule tu.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilitegemea wewe na dada yako ndio mtakaoniosha nikifa. Tangu ukiwa mdogo nilikuwa nalifikiria hivyo, mikono yako ni mipole. Nimemwomba dada yako ajifunze pamoja na mama mdogo wa Temeke. Wewe siku hiyo utakaa na wafiwa, utamshika mtoto wa kaka yako asikanyagwe na watu. Limeniuma kulipanga, lakini nimelipanga.

Je, wewe ukitangulia, Mungu apishe mbali? Watu watajaa hapa uani, jeneza la msikitini litaletwa, na watakaposema "tumwandae" wataniangalia mimi. Sitaki kukuvisha sanda usiyoitaka. Wala sijui namna nyingine ya kumzika mtu niliyemzaa. Njoo Jumamosi. Nitapika magimbi ya nazi, vyombo nitaosha mwenyewe, unijibu hilo tukiwa tumekaa.

Mama yako