Muuza bima wa simu hakuniuliza gari inabeba nini

Ndugu Mhariri,

Nina Suzuki Carry inayotoka Tumbe alfajiri na samaki, ikafika soko la Chake jua halijawa kali. Miaka sita bima nilikata kwa wakala mmoja Wete, mzee wa watu, mwenye tabia ya kuudhi: hapokei pesa mpaka atoke nje aizunguke gari. Akiona maji ya barafu yanachuruzika nyuma, anaandika "biashara", na bei inapanda. Nikimnung'unikia kila mwaka.

Mwaka huu nikapigiwa simu. Kijana, sauti tamu, bima kubwa kwa bei chini ya ile ya mzee. Nikampa namba ya gari, nikalipa kwa simu, na stika ikaingia chai haijapoa. Nikajiona mjanja.

Miezi miwili baadaye, pale Gombani, nikaligonga lori kwa nyuma. Taa mbili, bampa na rejeta. Nikapiga namba ileile. Aliyepokea si yule kijana. Siku ya tisa nikajibiwa: gari imekatiwa matumizi binafsi, na kwenye picha zako mna matenga ya samaki. Hatulipi. Masharti nilitumiwa, kweli: kurasa 23 za Kiingereza, nizisome kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Fundi nimemlipa laki saba na themanini, za mfukoni.

Simu yenyewe siilaumu. Mdogo wangu aliyeko Leicester, Uingereza, ananicheka. Wao wananunua hivyo tangu Direct Line, kampuni ya kuuza bima kwa simu, ilipoanza mwaka 1985. Lakini huko mtu huulizwa mpaka achoke: kazi yako nini, gari inalala wapi, nani mwengine anaiendesha. Na sheria yao ya 2012 imeliweka wazi jambo hili: kuuliza ni kazi ya kampuni. Mteja wa kawaida wajibu wake ni kujibu kwa ukweli na uangalifu, si kubahatisha kampuni inataka kujua nini.

Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilazimishe hilo. Anayeuza kwa simu aulize, kwa Kiswahili, gari inafanya kazi gani, jibu lirikodiwe, namba ya malipo isitoke kabla ya hapo. Nusu dakika haifiki.

Wiki iliyopita nimerudi Wete. Mzee kaizunguka gari mara mbili, kanusa, kacheka, kaandika "biashara".

Muuza samaki,
Tumbe, Pemba